Majibu Yaliyoning'inia Juu ya Minji

Wiki tatu baada ya mimi kukabidhi funguo, Faith, karani kijana aliyerithi kabati langu la chuma pale maabara, alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa picha ya ukurasa mmoja wa daftari letu la zamani, lile nene lenye jalada gumu jeusi, ambalo ndani yake tuliandika kila chombo cha kumbukumbu tulichokiharibu: flopi, tepu, diski za kompyuta, CD. Chini ya picha aliandika: "Mum, hii line ni makosa ama? Kila mahali kwa safu ya Mwenye Mali mmeandika Maabara. Hapa mmeandika Wenyewe. Wenyewe ni kina nani?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilijaribu kumjibu kwa simu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Jibu lake ni refu kuliko simu yangu, na kwa kuwa nyinyi vijana wa pale mmekuwa mkiniuliza tulikuwa tukifanyaje kazi kabla ya mashine yenu hiyo ya kutafuna diski, nimeona niyaandike yote mahali pamoja. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili langu, kama panya wa stoo hawajavikuta kwanza.

Niliingia pale mwishoni mwa miaka ya tisini kama karani wa kuingiza majibu kwenye kompyuta. Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya jiji la Nairobi, juu ya duka la viatu. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi inayosema inatengenezwa, na nilistaafu nikaiacha ikitengenezwa. Nilipofika juu nikihema, mtu wa kwanza kuniangalia alikuwa Mzee Kariuki, karani wa stoo, mrefu, koti la kaki, kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ndio Ndunge?"

"Ndio, Mzee."

"Unajua kuandika vizuri?"

"Niko na cheti ya kompyuta, Mzee."

"Sijauliza kompyuta. Kwa mkono."

Akanipa karatasi na kalamu nene nyeusi, akaniambia niandike miezi yote ya mwaka. Niliandika. Aliishika karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Sawa. Wewe ndio utakuwa unaandika lebo." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwa kwenye barua yangu ya ajira, na ndiyo iliyonishika miaka yote.

Kazi yenyewe ilikuwa kuua kumbukumbu. Maabara ya aina yetu hupokea damu ya watu na kurudisha majibu, na majibu hayo hukaa mahali. Mahali hapo pakizeeka, lazima pafe vizuri. Mzee Kariuki alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kumwona akiuruka. Watu wawili, daima. Mmoja anasoma nambari iliyo kwenye chombo kwa sauti, mwenzake anairudia kwa sauti huku akiiandika. Kisha wanabadilishana na kusoma upya. Ndipo kinavunjwa, mbele ya wote wawili, na wote wawili wanatia sahihi. Ukikosea tarakimu moja, mnaanza mwanzo. Siku yangu ya kwanza tulianza mwanzo mara nne kwa diski moja, na kufikia mara ya nne nilikuwa naichukia ile diski kana kwamba ilinikosea mimi binafsi.

Lakini nilipoona ndani ya diski nyingine, chuki iliisha. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha nyota, na bisibisi zetu zote zilikuwa za kawaida, kwa hiyo Mzee alikuwa akizitoboa diski kwa drili bila kuzifungua. Mimi nilitaka kuona. Siku ya Jumamosi nilishuka Luthuli Avenue, nikazunguka maduka ya vifaa vya umeme mpaka nikapata bisibisi ya nyota, na Jumatatu nikaifungua diski mezani. Ndani kulikuwa na sahani mbili zinazong'aa kiasi kwamba niliona mpaka kovu la utotoni kidevuni mwangu. Hakuna maandishi, hakuna mkwaruzo, hakuna chochote. Nilimuuliza Mzee yale majibu yote yako wapi.

"Si yako hapo hapo?"

"Hapo wapi? Mimi naona uso wangu tu."

"Basi soma huo," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ndani ya kila diski kuna sumaku mbili ndogo zenye nguvu ya ajabu. Zilinibana kidole mpaka ukucha ukawa mweusi. Bado ninazo, zinashikilia bili ya umeme kwenye friji yangu.

Swali la pili lililonisumbua ni hili: nikifuta faili kwenye kompyuta, inaenda wapi? Mzee alisema inaenda kwenye kile kikapu cha kwenye skrini. Nikamuuliza, na nikimwaga kikapu? Akafikiri. "Ndunge, wewe mtoto wa Machakos unauliza maswali kama polisi." Fundi aliyekuwa akija kutengeneza mashine zetu ndiye aliyenionyesha. Niliandika orodha ya vitu vya dukani, sukari, sabuni, kibiriti, nikaifuta, nikamwaga kikapu. Yeye akaweka programu yake, akasubiri kidogo, na orodha yangu ikarudi na kibiriti chake. Kumbe kufuta ni kurarua ule ukurasa wa mwanzo unaosema sura gani iko wapi. Kitabu chenyewe kinabaki rafuni.

Kuanzia hapo sikuamini kitu nisichokijaribu. Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaipitisha juu ya flopi, ikafa papo hapo. Nikaipitisha juu ya diski, ikaniangalia tu. Nikaipitisha juu ya CD, hakuna kilichotokea, ndipo nikajifunza kwamba CD huandikwa kwa mwanga na haina habari na sumaku. Matokeo yote niliyaandika kurasa za mwisho za daftari, na Faith ukizigeuza utazikuta. Mashine ya kwanza ya fotokopi tuliyotaka kuiuza, niliifungua mgongo kwa udadisi tu, nikakuta na yenyewe ina diski ndani. Kila karatasi ya majibu iliyowahi kupita juu ya kioo chake ilikuwa imo humo. Mnunuzi alikuwa tayari yuko kwenye ngazi na wabebaji wake. Mzee aliposikia alikaa chini, akavua kofia, akasema, "Kumbe hii kitu imekuwa ikiandika sisi."

Tepu tulizivuta mita kwa mita na kuzikata kwa makasi. Flopi tulizirarua mfuniko na kukata ule utando. Kisha zikaja CD. Mkuu wetu, daktari mwenye maneno machache, alinunua kifaa cha kuziandika, na kila mwisho wa mwezi majibu ya mwezi huo yaliingia kwenye CD moja, na mimi nikaandika jina la mwezi juu yake kwa ile kalamu nene. Majina ya watu tuliyaweka kamili, na jibu pembeni. Wakati huo tuliona ni kazi safi.

Hapa lazima niseme jambo, kwa sababu bila hilo mengine hayana maana. Mume wangu, Musyoka, aliugua muda mrefu, akafa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, nilijikaza nikaenda kupimwa. Nilienda pale pale kwetu, siku ya Jumamosi, nikakaa kwenye benchi na wengine, kwa sababu nilijua mafundi wetu wa maabara walikuwa makini. Fundi huona nambari ya chupa tu. Jina na nambari vilikuwa vinakutana mezani kwa karani wa kompyuta. Karani huyo alikuwa mimi. Jumatatu karatasi zilikuwa kwenye trei yangu kama kawaida, na ya saba kutoka juu ilikuwa yangu. Nina virusi. Nililiingiza jibu langu mwenyewe kwa vidole vyangu, nikabonyeza kitufe, nikachukua karatasi ya nane.

Hakuna aliyejua isipokuwa mshauri aliyenipa jibu. Binti yangu Kanini alikuwa kidato cha pili, na vidonge nilivyopewa nilimwambia ni vya presha. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Satellite, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vyenye bomba moja la maji, na siku hizo mtu akijulikana, hata kikombe chake kilitengwa. Kanisani nilikuwa ninafundisha watoto wa Jumapili. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Sikuogopa sana kufa. Niliogopa kwamba mtu mwingine angemwambia Kanini kabla yangu. Na mwisho wa mwezi huo niliandika AGOSTI juu ya CD, kwa herufi nzuri.

Karibu mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Julai, tuliletewa diski kubwa, majibu yote yakahamishiwa humo, na zile CD kumi na mbili za mwaka uliopita zikahukumiwa. Hatukuwa na mashine. Mzee Kariuki alikuja na msumari wa inchi sita.

"Hapa ndio imeandikwa," akasema akigeuza upande unaong'aa, "si unaona vile inametameta?" Akaukwaruza, misalaba mitatu kila moja. Mimi nilikuwa nikisoma nambari na kuandika. Ilipofika ya Agosti nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mzee, hiyo kwaruza tena."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Akaikwaruza tena. Tukatia sahihi. Mimi niliyejaribu sumaku kwa flopi na kufungua mgongo wa fotokopi, sikujaribu msumari wa Mzee. Alikuwa na uhakika sana, na mimi nilitaka sana iwe kweli.

Wiki mbili baadaye Mzee aliteguka mgongo akisukuma friji ya sampuli. Kazini kwetu mtu akiugua lazima atembelewe, na kwa kuwa Satellite na Uthiru, alikokaa Mzee, si mbali, nilitumwa kwa niaba ya wote. Nilibeba sukari, majani ya chai, mikate miwili na mafuta ya kupikia. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti chenye mito, blanketi mabegani, kwa maana Julai ya Nairobi mnaijua, wiki nzima jua halionekani. Mkewe alikuwa kanisani. Alinyanyuka kwa shida kwenda kunitolea chai, nikamkataza, akaenda. Nami kwa mazoea yangu nikazunguka nyuma kutazama shamba lake.

Juu ya matuta ya minji, zile njegere zake, kulikuwa na waya, na kwenye waya kulining'inia CD. Zilikuwa zinageuka polepole kwenye upepo. Nilisogea. Moja iligeuka ikanipa mgongo, na mgongoni mwake kulikuwa na mwandiko wangu. OKTOBA.

"Mzee," nikaita, "hizi ni nini?"

Alitokea na thamosi. "Ah, hao ni askari wangu. Hii ndege ya hapa imemaliza minji yangu. Lakini si unaona hakuna jua? Hawafanyi kazi vizuri."

"Si hizi ni zetu?"

"Si zilikufa? Tuliandika. Ningeacha zitupwe kwa gunia na ni kitu nzuri hivi?"

Nilicheka kwa moyo wote. Mzee Kariuki, aliyekuwa akiniadhibu kwa tarakimu moja, amewaajiri maiti wetu kufukuza ndege! Ndipo kicheko kikanikauka. Nilikumbuka wauza nyimbo wa pale mjini, jinsi CD iliyokwaruzika inavyosuguliwa kwa dawa ya meno mpaka inacheza tena. Nilikuwa nimewaona mara mia. Mzee alipoingia ndani kuchukua vikombe nilikata uzi wa ile iliyokuwa karibu, MACHI, nikaitia mkobani. Ndiyo, niliiba. Tulikunywa chai tukazungumza juu ya mgongo wake.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya mtu yeyote. Niliweka dawa ya meno kwenye pamba nikasugua kutoka katikati kuelekea nje, taratibu, kama nilivyoona wao wakifanya. Nikaosha, nikapangusa, nikaiingiza. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Theluthi ya kwanza iligoma. Kisha majina yakaanza kuja, moja baada ya jingine, na majibu pembeni. Nilisoma jina la kwanza nikaitoa upesi.

Niliigeuza mkononi nikaielewa kwa mara ya kwanza. Ule upande unaong'aa ni plastiki tupu, sawa na kioo juu ya picha ya ukutani. Maandishi yako juu kabisa, chini ya lebo, kwenye utando mwembamba ambao ukucha unaweza kuutoa. Sisi tulikwaruza kioo tukaiacha picha. Juu ya hiyo picha mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika jina la mwezi, kwa herufi nzuri, ili mtu asipotee. Jua kali lingeweza kuzichoma zikiwa pale shambani, lakini Julai haikuwa na jua.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa Uthiru, na daftari kwenye mfuko wa plastiki.

"Mzee, zile CD haziko sawa. Nimesoma moja."

"Umesoma moja gani?"

"Machi. Nilichukua kwako. Nimesugua na dawa ya meno, ikafunguka."

Nilidhani angefoka kwa sababu ya wizi. "Wacha mchezo, Ndunge. Hizo nilikwaruza mimi, na hii mkono."

"Upande sio huo, Mzee. Tulikwaruza upande sio huo. Mimi pia nilitia sahihi."

Aliinuka bila kushika mgongo. Tulienda kwenye minji, yeye akikata nyuzi, mimi nikizipokea kwenye kanga. Kisha tukakaa chini tukafanya kama siku zote. Alisoma, nikarudia. Januari. Januari. Februari. Februari. Machi ilikuwa mkobani mwangu. Tulifika Julai. Baada ya Julai akashika Septemba.

"Agosti," nikasema.

Alipekua zote upya. Alienda kwenye waya akatembea mwanzo mpaka mwisho, akainama kwenye majani, huku akiguna kwa maumivu. Aliporudi alisimama mbele yangu.

"Ni ile ulisema nikwaruze mara mbili."

Nilianza kupanga upya zile CD kwenye kanga. Aliniangalia usoni, na nikaona anaelewa, namaanisha niliona kabisa kitu kikiingia machoni mwake na kukaa. Hakuuliza. Aliangalia pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Wambui. Ile siku ya mvua nilimwona akiokota kitu hapa."

Wambui, na hilo si jina lake, alikuwa mpangaji wa Mzee. Alikodi chumba cha mbele kinachotazama barabara, akiuza nyimbo za injili na kuwaandikia watu CD kwa kompyuta yake. Mkononi mwa mtu wa kazi hiyo, dawa ya meno haikosi. Nilivuka ule ua haraka. Nilimwomba Mzee abaki.

"Sasa auntie," akasema alipoinua kichwa. Kisha akaona kanga yenye CD mkononi mwangu, akazima muziki.

"Wambui, natafuta moja ya hizi. Imeandikwa Agosti."

"Mimi sijaiba. Ilikuwa imeanguka kwa matope."

"Najua. Sijakuja kwa ubaya."

"Nilidhani ni ya nyimbo. Nikaiosha, nikaweka kwa mashine." Akasukuma kibodi kando. "Ni majina ya watu."

"Ulisoma?"

Aliangalia mlangoni, kule Mzee alikokuwa amesimama mbali na mikono nyuma. Aliponijibu sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitafuta yangu."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikatafuta mahali pa kukaa.

"Nilikuja kwenu huo mwezi, auntie. Kwa zile benchi. Aki mlisema ni siri. Sasa naona landlord ametundika kwa shamba! Nikasema kumbe huyu mzee anajua, kumbe kila mtu hapa anajua. Nimetafuta nyumba Kawangware. Nahama mwisho wa mwezi."

"Hajui. Wambui, niangalie. Huyo mzee hajui hata kuwasha hiyo kitu. Alikuwa anafukuza ndege."

"Ndege?"

"Ndege ya minji."

Alinitazama, na mdomo wake ukaanza kucheka wakati macho yanatoa machozi. Aliingia nyuma ya pazia akatoka na mkebe wa unga wa ugali. Aliingiza mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, akatoa CD iliyofungwa kwenye mfuko wa mkate. AGOSTI.

Hapa nilikuwa na swali. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa swali, na hili lilikuwa ulimini: wengine uliwasoma? Orodha ile inafuata herufi, na jina lake la kweli liko karibu na mwisho, na mtu anayelitafuta kwa kushuka chini anapita kwa wote. Nilikuwa ninakaa mwendo mfupi tu kutoka hapo. Alikuwa amenisikia nikiitwa Ndunge pale uani. Yeye akaniona ninavyomwangalia, akafuta uso kwa mkono wenye unga.

"Zingine sikuangalia, auntie. Yangu ilitosha."

Nilimwamini au niliamua kumwamini, mpaka leo sijui ni lipi. Sikuuliza zaidi. Jibu lake yeye pia sikuliuliza, na hakuniambia. Katika miaka yangu yote, hayo mawili ndiyo mambo ambayo sikutaka kuyajua.

Tulizivunja siku hiyo hiyo uani kwa Mzee, kwenye stuli, mchana kweupe. Safari hii upande wa lebo. Msumari ukipita, ule utando unabanduka vipande vipande kama maganda ya kitunguu, na chini yake unabaki na plastiki ambayo ukiinua unaona mbingu kupitia kwake. Halafu makasi. Kumi na moja tulizimaliza mimi na Mzee. Ya Agosti, Wambui aliomba aikwaruze mwenyewe. Mzee alimpa msumari na kumwonyesha upande. Wambui alikwaruza mpaka hapakuwa na kitu cha kukwaruza. Kisha akanipa mimi msumari, na mimi nikapitisha pale alipokwishapitisha.

Tukafungua daftari. Mzee alisoma, nikarudia. Nambari. Nambari. Kitu, CD, Agosti. CD, Agosti.

"Mwenye mali, Maabara," akasoma Mzee.

"Ati maabara?" akasema Wambui. "Yangu iko ndani, alafu mwenye mali ni maabara?"

Mzee aliutazama ule ukurasa wake, safu iliyojaa neno moja kutoka juu mpaka chini, alilolisoma kwa miaka yote hiyo. Akamwangalia Wambui. Kisha akaniangalia mimi, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, akasoma upya kwa sauti ileile ya kazi.

"Mwenye mali, wenyewe."

Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, ilinibidi nirudie kwa sauti huku nikiandika. "Wenyewe," nikasema. Sauti yangu ilitoka vizuri.

Siku ya pili yake Mzee alipanda zile ngazi na mgongo wake mbovu, akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, akajishtaki. Nilikuwa nyuma yake, nikajishtaki na mimi. Daktari alituuliza maswali matatu tu, akasema majina na majibu visikae tena kwenye chombo kimoja. Ndio mwanzo wa nambari mnazolalamikia kila siku. Baadaye tulinunuliwa mashine ya kukata CD, ikafa kabla ya mwaka kuisha, tukarudi kwenye makasi. Wambui hakuhama. Mzee aliwatundikia ndege vifuniko vya chupa, na aliniapia mpaka anastaafu kwamba vilifanya kazi vizuri zaidi.

Jumapili ya wiki ile nilimwambia Kanini. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mum, mimi nilijua vidonge si vya presha," akaendelea kuchambua, na mikono yake ilikuwa ikitafuta mawe mahali ambapo hapakuwa na mawe. Sasa ni mtu mzima, na ukurasa huu ameusoma kabla yenu. Alisema niuache kama ulivyo.

Kwa hiyo, Faith, wenyewe walikuwa wengi, mwezi mzima wa watu, na majina yao niliyoyaingiza kwa vidole hivi sijawahi kuyataja na sitayataja. Wawili walikuwapo siku ile. Wa kwanza siri yake ni yake. Wa pili ndiye aliyeuandika mstari huo, na leo, kwa hiari yake, anakupa wewe jibu lake na si la mtu mwingine. Si makosa. Usiusahihishe.